Kusoma kwa Sikio: Historia ya Usomaji wa Nyaraka kwa Sauti katika Simu za Mkononi na Nafasi ya Kiswahili, 1976–2023

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi asiyeona anayetaka kusoma tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili anaweza leo kuipakua kwenye simu yake, kuvaa visikizio na kusomewa kurasa zake akiwa ndani ya daladala. Mwanafunzi huyohuyo anaweza kupakua tasnifu nyingine kutoka katika hazina ileile ya chuo, akabonyeza sehemu ileile ya kioo, na asisikie chochote. Simu haijabadilika wala lugha haijabadilika. Kilichobadilika ni waraka. Insha hii inafuatilia historia iliyozaa hali hizo mbili.

Historia ya mashine zinazosoma kwa sauti husimuliwa mara nyingi kama historia ya uhandisi: maabara moja inavumbua, nyingine inaboresha, kisha soko linasambaza. Insha hii inatetea mambo mawili yanayoupanua mtazamo huo. Kwanza, hatua muhimu za teknolojia hii zilisukumwa na wasomaji wasioona, ambao walitaka uwezo wa kujichagulia cha kusoma bila kusubiri hisani ya msomaji mwingine. Pili, kuchelewa kwa Kiswahili kupata sauti ndani ya simu hakukutokana na ugumu wa lugha yenyewe. Kulitokana na mpangilio wa soko, na sasa, baada ya sauti kupatikana, kikwazo kimehamia kwenye nyaraka ambazo wanazuoni wenyewe huziandaa na kuzihifadhi. Mwaka 1976 umechukuliwa kuwa mwanzo wa kipindi kinachochunguzwa kwa sababu ndio mwaka ambao mashine iliweza kwa mara ya kwanza kuuchukua ukurasa wa kawaida uliochapishwa na kuusoma kwa maneno. Hata hivyo, maelezo mafupi ya miaka iliyotangulia ni ya lazima.

2.0 Kutoka Mashine Isemayo hadi Mashine Isomayo

Wazo la mashine isemayo lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mnamo mwaka 1791 Wolfgang von Kempelen alichapisha mjini Vienna kitabu kilichoeleza mashine yake iliyotumia mvukuto na vipande vya ngozi kuiga mapafu na kinywa cha binadamu. Mwaka 1939 maabara za Bell za Marekani zilionyesha katika maonyesho ya dunia ya New York kifaa kilichoitwa Voder, kilichobuniwa na Homer Dudley, ambacho mwendeshaji aliyefunzwa alikipiga kama kinanda ili kitoe usemi. Mashine zote mbili zilisema, lakini hazikusoma. Aliyejua la kusema alikuwa binadamu aliyeziendesha.

Kusoma kulianzia upande mwingine. Katika muongo wa 1910 Edmund Fournier d'Albe, aliyekuwa Birmingham, Uingereza, aliunda optofoni, kifaa kilichogeuza umbo la kila herufi kuwa mfululizo wa toni. Msomaji asiyeona alipaswa kujifunza toni hizo kama anavyojifunza alfabeti mpya. Mary Jameson, mwanamke asiyeona wa Uingereza, alisoma kwa optofoni hadharani mwaka 1918 na akaendelea kuwa mtumiaji wake hodari. Kifaa hiki kilisoma bila kusema, na kazi yote ya kufasiri iliachwa kwa sikio.

Kati ya pande hizo mbili kulipatikana suluhisho la kibinadamu, yaani vitabu vilivyorekodiwa katika santuri. Marekani ilianza kuvisambaza kwa wasioona mwaka 1934, na Uingereza ikafuata mwaka 1935, ambako miongoni mwa walionufaika mapema walikuwamo askari waliopoteza macho katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Huduma hii ilikuwa na thamani kubwa, lakini ilikuwa na mpaka wake: msikilizaji alisoma kile tu ambacho taasisi iliamua kukirekodi. Barua, gazeti la siku ile, mswada au makala ya kitaaluma havikuwamo.

Mpaka huo ulivunjwa tarehe 13 Januari 1976, Raymond Kurzweil alipoitambulisha rasmi mashine yake ya kusoma, iliyofanyiwa majaribio kwa ushirikiano na Shirikisho la Taifa la Wasioona la Marekani. Mashine hiyo iliunganisha mambo matatu: kuupiga picha ukurasa, kuzitambua herufi bila kujali aina ya chapa, na kuyatamka maneno yaliyopatikana. Mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza. Ilikuwa kubwa, ya gharama, na iliwekwa zaidi katika maktaba na taasisi, lakini ilibadilisha uhusiano wa msomaji asiyeona na maandishi. Kuanzia hapo, chochote kilichochapishwa kwa Kiingereza kingeweza, angalau kinadharia, kuwekwa juu ya kioo na kusikilizwa.

Ubora wa sauti uliendelezwa na Dennis Klatt wa taasisi ya MIT, ambaye kazi yake iliingia katika kifaa cha DECtalk kilichouzwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Sauti maarufu kuliko zote za kifaa hicho ilijengwa juu ya vipimo vya sauti ya Klatt mwenyewe, na sauti ya kompyuta iliyotumiwa na mwanafizikia Stephen Hawking inatokana na kazi hiyohiyo. Jambo hili lina maana ya kihistoria. Mashine haikuzaliwa na sauti ya binadamu kwa jumla. Ilizaliwa na sauti ya mwanamume Mmarekani mmoja, kwa sababu maabara, fedha na wanunuzi walikuwa huko.

Katika miaka hiyohiyo kulizuka programu za kisoma skrini, zinazotamka kila kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Jim Thatcher wa IBM aliongoza utengenezaji wa moja ya awali kabisa katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1989 Ted Henter, ambaye alipoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari, alitoa programu ya JAWS. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianzisha NVDA, programu ya bure na huria. Henter na Curran hawakuwatengenezea wasioona kifaa kutoka nje. Walijitengenezea wao wenyewe chombo cha kazi.

3.0 Sauti Kuingia Mfukoni

Kabla ya simu janja za leo, simu zenye mfumo endeshi wa Symbian ziliweza kuwekewa visoma skrini kama Talks na Mobile Speak. Programu hizi ziliuzwa peke yake, juu ya bei ya simu. Kwa hiyo, mtu asiyeona alilipa mara mbili ili kupata kile ambacho mwenzake mwenye kuona alikipata kwa kununua simu tu. Mwaka 2006 kazi ya Kurzweil na Shirikisho la Wasioona ilizaa kifaa cha kusoma kinachobebeka, kilichounganisha kamera na kompyuta ndogo ya mkononi, na mwaka 2008 programu yake iliwekwa ndani ya simu ya Nokia N82. Katika muda wa miaka 32 mashine iliyohitaji meza yake yenyewe ikawa programu ndani ya simu inayotosha kiganjani.

Mwaka 2009 ndio uliogeuza mkondo. Mwezi Juni kampuni ya Apple ilitoa iPhone 3GS ikiwa na kisoma skrini cha VoiceOver ndani yake, bila malipo ya ziada. Hadi wakati huo simu zisizo na vitufe zilionekana kuwa pigo kwa wasioona, kwa kuwa kioo laini hakina alama ya kupapasa. VoiceOver ililipindua tatizo hilo: kidole kinapogusa kitu, simu hukitaja, na kugusa mara mbili hukifungua. Mwezi Septemba toleo la 1.6 la Android lilikuja na injini ya kusoma maandishi kwa sauti pamoja na kisoma skrini cha TalkBack.

Injini hiyo ya Android ilisema Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kihispania. Hapakuwa na lugha hata moja ya Afrika. Mwaka huohuo kebo ya SEACOM ilianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki na kufungua njia ya intaneti yenye kasi zaidi. Hivyo basi, njia ya kupata nyaraka ilipanuka katika eneo la wasemaji wa Kiswahili wakati uleule ambapo simu zilijifunza kusoma, lakini zilijifunza kusoma kwa lugha za wengine.

4.0 Mgogoro wa Haki ya Kusikiliza

Mwaka 2009 ulizua pia mgogoro wa kisheria. Mwezi Februari kampuni ya Amazon ilitangaza kisomeo cha Kindle 2 chenye uwezo wa kusoma vitabu kwa sauti. Chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kilipinga kwa hoja kwamba usomaji wa kimashine unaingilia haki za vitabu vya sauti, ambazo huuzwa kando. Kabla ya mwezi kwisha Amazon iliamua kumwachia mwenye haki ya kila kitabu uamuzi wa kuruhusu au kuzuia. Mwezi Aprili wasomaji wenye ulemavu na mashirika yao waliandamana mjini New York. Walidai kwamba mtu aliyekwisha kukinunua kitabu ana haki ya kukisoma kwa mlango wa fahamu alionao.

Swali lililokuwa nyuma ya mgogoro huo, yaani kama kusikiliza ni kusoma au ni kitu kingine, lina sura tofauti likitazamwa kutoka upwa wa Afrika Mashariki. Tenzi za kale zilizohifadhiwa kwa hati ya Kiarabu zilikusudiwa kughanwa mbele ya hadhira. Mwenye mswada alikuwa mmoja, wasikilizaji walikuwa wengi, na hakuna aliyedhani kwamba aliyesikiliza hakuupata utenzi. Mgawanyo mkali kati ya kitabu cha macho na kitabu cha masikio ni zao la soko la uchapishaji kuliko kuwa zao la usomaji wenyewe.

Jibu la kimataifa lilipatikana tarehe 27 Juni 2013, ulipopitishwa Mkataba wa Marrakesh chini ya Shirika la Dunia la Miliki Bunifu. Mkataba huo unaruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza na kubadilishana, hata kuvuka mipaka ya nchi, nakala zinazofikika kwa wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa, bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Ulianza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020. Kwa hatua hiyo, nchi tatu zenye wasemaji wengi wa Kiswahili zilikubali kisheria kwamba nakala isikikayo ni nakala halali. Sheria ilitangulia, kilichosubiriwa kilikuwa sauti na nyaraka.

5.0 Kiswahili: Lugha Nyepesi Iliyochelewa

Kwa mtazamo wa uhandisi, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazoirahisishia mashine kazi ya kutamka. Othografia ya Kilatini iliyosanifiwa tangu kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 inakaribia sana kuwakilisha kila sauti kwa herufi yake. Irabu ni tano, silabi nyingi ni wazi, na mkazo kwa kawaida huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huhitaji kamusi kubwa ya matamshi. Kiswahili kinaweza kuanza na orodha fupi ya kanuni.

Wepesi huo hauondoi mitego. Neno "barabara" lina maana ya njia kuu mkazo ukiwa katika silabi ya tatu, lakini lina maana ya sawasawa mkazo ukihamia silabi ya pili. "Mbuni" ndege ana silabi mbili, ilhali "mbuni" mwenye kubuni ana tatu, na tahajia haionyeshi tofauti. Kibainishi cha "ng'ombe" kikiandikwa kwa alama isiyotambuliwa na programu, neno hukatika katikati. Tarakimu nazo hudai sarufi: "vitabu 3" ni "vitabu vitatu", "miti 3" ni "miti mitatu" na "nyumba 3" ni "nyumba tatu", kwa hiyo mashine isiyofundishwa upatanisho wa ngeli itasema "vitabu tatu". Vifupisho kama "n.k." na "uk." navyo husomwa herufi kwa herufi visipotayarishwa. Yote haya yanatatulika na mjuzi wa lugha aliyeketi pamoja na mwandishi wa programu.

Kazi hiyo ilifanywa mapema. Mwaka 2005 watafiti wenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwamo Mucemi Gakuru, waliwasilisha katika mkutano wa kimataifa wa Interspeech maelezo ya mfumo wa kuyageuza maandishi ya Kiswahili kuwa usemi. Kwa hiyo, miaka minne kabla ya Android kupewa sauti za lugha za Ulaya, uwezekano wa sauti ya Kiswahili ulikuwa umekwisha kuthibitishwa Afrika Mashariki. Katika kipindi hicho, eSpeak, programu huria iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, ilijumuisha Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Sauti yake ni kavu na ya kimashine, lakini programu ni ndogo, haina malipo na haihitaji intaneti. Kwa kuwa NVDA hutumia eSpeak, njia ya kwanza ya kudumu ya kusikiliza waraka wa Kiswahili katika kompyuta ilikuja kama zawadi ya wanaprogramu wa kujitolea. Soko halikuileta.

Athari ya kuchelewa kwa simu ilisikika kwa kila aliyejaribu kusoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza. Neno "wake" hugeuka "weiki", "mate" hugeuka "meiti", na mji wa Same ulioko Kilimanjaro huwa "seimu". Msikilizaji hulazimika kutafsiri makosa kabla ya kuufikia ujumbe, jambo linalokumbusha kazi ya mtumiaji wa optofoni karne moja kabla yake. Kwa mwanafunzi mwenye muda wa mtihani, mzigo huo si mdogo.

Mabadiliko yalikuja baada ya mwaka 2016, maabara ya DeepMind ya London ilipotoa WaveNet na kuonyesha kwamba mitandao ya neva inaweza kutoa sauti inayokaribia ya binadamu. Mbinu hizo zilipopunguza gharama ya kuongeza lugha, kampuni kubwa ziliifikia Afrika Mashariki. Google iliingiza Kiswahili katika injini yake ya Android. Microsoft ilitoa sauti zilizoitwa Zuri na Rafiki kwa Kiswahili cha Kenya, na Rehema na Daudi kwa Kiswahili cha Tanzania. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitoa mifumo inayosoma kwa zaidi ya lugha 1,100, Kiswahili kikiwamo, iliyofunzwa kwa kiasi kikubwa kwa rekodi za usomaji wa maandiko ya dini. Hata hivyo, sauti nyingi zilizo bora zaidi huzalishwa katika kompyuta za mbali, hivyo humhitaji msikilizaji awe na kifurushi cha intaneti wakati wote wa kusoma. Sauti kavu isiyo na gharama na sauti tamu inayolipiwa bado zinagawana wasomaji.

6.0 Waraka Usiosikika

Sauti inapokuwapo, waraka ndio unaoamua. Muundo wa PDF, uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ulikusudiwa kuhifadhi sura ya ukurasa ili uonekane vilevile katika kila kompyuta. Haukukusudiwa kuhifadhi mpangilio wa kusoma. Uwezo wa kuweka lebo za ndani zinazoonyesha kichwa, aya na jedwali uliongezwa mwaka 2001, na kiwango cha kimataifa cha PDF zinazofikika kilitolewa mwaka 2012. Waandishi wengi wa tasnifu hawajapata kufundishwa lolote kuhusu lebo hizo.

Matokeo yake hujitokeza pindi simu inapoanza kusoma. Nambari ya ukurasa huingia katikati ya sentensi. Tanbihi hukatiza hoja. Neno refu la Kiswahili lililokatwa mwishoni mwa mstari hutamkwa kama maneno mawili. Jedwali la ngeli husomwa kama mfululizo wa viambishi visivyo na mwenyewe. Kichwa kilichokolezwa wino bila kuwekewa mtindo wa kichwa hakitambuliwi, na msikilizaji hawezi kuruka kutoka sura moja hadi nyingine kama afanyavyo mwenye kupekua kurasa.

Hali iliyo mbaya zaidi ni ya tasnifu zilizopigwa chapa zamani, kisha zikaingizwa kwenye kompyuta kama picha. Faili la aina hiyo halina herufi hata moja; lina picha za herufi. Kisoma skrini hukuta ukurasa mtupu. Tiba yake inajulikana tangu mashine ya Kurzweil, yaani utambuzi wa herufi, na programu huria ya Tesseract ina data ya Kiswahili kwa kazi hiyo. Lakini utambuzi ukifanywa kwa mpangilio wa Kiingereza, makosa huongezeka, na makosa ya herufi huwa makosa ya sauti.

Suala hili linagusa moja kwa moja dhana ya ufikiaji huria. Mwaka 2002, Azimio la Budapest lilipotoa wito wa kuondoa vikwazo vya bei na ruhusa katika maandiko ya kitaaluma, programu ya DSpace nayo ilitolewa na kuviwezesha vyuo kujenga hazina zao. Vikwazo vilivyotajwa vilikuwa vya fedha na sheria. Kikwazo cha umbo la faili hakikupewa uzito uleule. Ndiyo maana tasnifu inaweza kuhesabiwa kuwa huria, ikapakuliwa bila malipo na bila nywila, na bado ikabaki imefungwa kwa msomaji asiyeona. Kwa Kiswahili hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa utafiti mwingi kuhusu fasihi, lahaja na isimu ya lugha hii uko katika tasnifu ambazo hazikupata kuwa vitabu. Msomaji asipousikia hapo, hana pengine pa kuusikia.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba safari kutoka optofoni hadi simu ya mkononi ilikuwa safari ya kumrudishia msomaji uamuzi. Santuri zilimpa sauti lakini zikamchagulia kitabu. Mashine ya mwaka 1976 ilimpa uchaguzi lakini ikamfunga mahali. Simu ya mwaka 2009 ilimpa vyote viwili, ila kwa lugha chache. Kiswahili kilichelewa licha ya kuwa na othografia rafiki kwa mashine na licha ya kazi iliyokwisha kufanywa Nairobi mwaka 2005, kwa sababu watoaji wa simu hawakukiona kuwa soko. Pengo hilo sasa limepungua kwa sehemu kubwa.

Pengo lililobaki haliko mikononi mwa kampuni za mbali. Liko katika ofisi ya mwanafunzi anayeandaa nakala ya mwisho, ya msimamizi anayeikubali, na ya mkutubi anayeipokea. Kutumia mitindo halisi ya vichwa, kuandika kibainishi sahihi, kuepuka kukata maneno mwishoni mwa mstari, na kuzifanyia nakala za picha utambuzi wa herufi kwa Kiswahili ni kazi zisizohitaji maabara wala bajeti kubwa. Miongozo ya uandishi wa tasnifu hueleza kwa kina upana wa pambizo na ukubwa wa chapa, mambo yanayomhusu msomaji anayeona. Kigezo kimoja cha ziada, kwamba nakala isikilizwe kwa simu kabla ya kupokelewa, kingeufikisha utafiti wa Kiswahili kwa wasomaji ambao kwa zaidi ya karne moja ndio waliozisukuma mashine hizi zijifunze kusoma.